Bando linayeyuka, mnara hausomi, namba yako anayo kila tapeli: vipi tudai haki zetu za mtandao tukiwa Unguja na Pemba (mwongozo kamili)

Nianze na kosa langu mwenyewe msije mkadhani naandika kama mtaalamu. Kijijini kwetu, Wilaya ya Micheweni, ilikuwa ikifika magharibi mtandao unakufa, na sisemi unapungua, unakufa, unarudi saa tatu usiku watu washalala. Tukaamua tukusanye saini tupeleke malalamiko. Tukapita nyumba kwa nyumba na daftari la skuli, watu wakaandika jina, namba ya simu, namba ya ZanID (kitambulisho chetu cha Zanzibar), sahihi, kurasa nne zikajaa. Mie kwa furaha nikazipiga picha zote nne nikazimwaga kwenye grupu la WhatsApp la kijiji ili kila mtu aone kazi inakwenda, na grupu lenyewe lina watu mia mbili na kitu, nusu yao wako Dar, Muscat na sijui wapi huko.

Wiki ya pili shangazi yangu akaniita. Kapigiwa na mtu anamtaja jina lake kamili mpaka la babu, anamtajia na namba ya kitambulisho, anasema yeye ni wa kampuni ya simu na laini inataka kufungwa, kwa hiyo amsomee zile namba sita zilizoingia sasa hivi kwenye meseji. Shangazi kazisoma. WhatsApp yake ikachukuliwa palepale, tapeli akaanza kuwaandikia wanawe "mama naumwa nitumieni", mmoja katuma laki na themanini.

Yaani sisi tunaodai watu walindwe mtandaoni ndo tuliomuuza bi mkubwa wa watu. Kwa hiyo humu nitaeleza mambo mawili yakiwa yamechanganyika, vipi udai na vipi udai bila ya kuwaumiza wale unaowadaia, mana wengi tunaanza na la kwanza tu, tunafungua grupu, siku tatu moto, siku ya nne mtu anaposti maandazi.

Jua mlango wa kubisha

Huku kwetu hili ndo linalowapoteza watu kuliko lolote. Zanzibar tuna serikali mbili juu ya kichwa kimoja na kila moja ina kipande chake. Posta na simu ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha toka 1964, kwa hiyo bei za bando, ubora wa mtandao, usajili wa laini na leseni za kampuni za simu vyote viko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Sheria kubwa wanayoitumia ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, watu wa fani wanaiita EPOCA. TCRA wana ofisi ya kanda Unguja, huna haja ya kupanda boti kwenda Dar.

Sasa ZanID yako hiyo ni ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Miundombinu ya TEHAMA ya serikali hapa visiwani ni ZICTIA, SMZ vilevile. Mifumo ya serikali mtandao ni eGAZ, nayo SMZ. Ukichanganya milango hii barua yako itazunguka mpaka uchoke.

Na kuna huyu mbunge na mwakilishi. Mazoea yetu likitokea jambo tunamkimbilia mwakilishi, ndo tunayemuona mazikoni na harusini. Lakini mwakilishi anakaa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, anaweza kumuuliza waziri wa SMZ kwa nini skuli haina intaneti au nani anaziona taarifa zako za hospitali, bei ya bando hawezi kumuuliza mtu mle ndani mana waziri mwenye dhamana ya hayo hayumo mle. Huyo anaulizwa Dodoma, na anayekwenda Dodoma ni mbunge wako. (Baraza la Wawakilishi nalo linachagua watu wake watano wanaoingia Bungeni, kwa hiyo ukimjua mmoja wao nusu ya safari ushaimaliza.)

Sheha naye usimruke. Bei hawezi kushusha hata senti, ila barua yenye mhuri wa shehia inapokelewa tofauti na barua ya "sisi vijana", na akijua mapema mnakusanya saini za nini hakuna atakayemwendea kumtia maneno kuwa mnafanya siasa.

Jambo moja tu

Barua yetu ya mwanzo ilikuwa na madai kumi na moja, mpaka barabara tuliingiza. Ofisi ikipata barua kama hiyo inajibu lile jepesi na kukushukuru kwa uzalendo wako. Chagua: ni bei, ni mnara, au ni taarifa zenu kuchezewa. Kila moja lina njia yake.

Kama mnara haupo kabisa, nyumba zote zinapanda juu ya mwembe kutafuta mtandao, msipoteze muda kubishana na kampuni, kampuni inaangalia itauza vocha ngapi. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, sheria yake ni ya 2006, kazi yake kutoa ruzuku ili minara ijengwe sehemu ambazo kibiashara hazilipi, na Zanzibar imo. Hao waandikieni idadi ya nyumba, skuli, kituo cha afya, diko la wavuvi, na umbali wa mnara wa karibu. Mama kujifungua usiku na hakuna wa kumpigia, hilo liandikeni, lina uzito kuliko kusema vijana wanakosa YouTube.

Daftari

Hapa nitakaa kidogo mana hapa ndo tulipopatia.

Baada ya ile aibu ya saini tulianza upya, safari hii bila ya kusaini kwanza. Watu watano, nyumba tano tofauti, kila mmoja daftari lake, siku kumi na nne. Tulikubaliana kuandika vitu vichache tu lakini kila siku, tarehe, saa, mahali, laini gani, kilichotokea, na mmoja wetu, fundi wa redio, akasema andikeni na umeme. Tulimcheka lakini tukaandika. Mstari mmoja wa daftari langu uko hivi:

"Jumanne, saa 12:10 jioni, barazani. 4G imeondoka imebaki E. Meseji ya WhatsApp imetoka baada ya dakika 14. Kupiga, mara tatu imegoma, ya nne imeunga. Umeme upo, taa dhaifu."

Zile taa dhaifu ndo zilizotuokoa. Tulipoyaweka madaftari matano pamoja, siku 11 kati ya 14 mtandao umekufa baina ya saa 12:05 na 12:20, na kwenye siku hizo karibu zote mmoja wetu kaandika taa dhaifu. Barazani siku zote tulikuwa tunasema kampuni inatubania makusudi ili tuhame kifurushi, wengine wanaapa kabisa. Kumbe fundi wao alipokuja baadae akakuta betri za mnara zimekufa, umeme unaposhuka jioni kila nyumba ikiwasha vitu vyake vifaa vinajizima na betri hazishiki. Bila ya daftari tungeendelea kuapa tu.

Kwa upande wa bando mambo ni mengine. Kabla hujasema umeibiwa, ingia kwenye setingi za simu uangalie kila apu imekula kiasi gani, mara nyingi utakuta ni status za watu zinajidanlodi zenyewe, au simu imejiapdeti usiku. Mie mwenyewe nilikuwa nasema naibiwa miezi sita, mwizi ni Facebook inacheza video bila kuguswa. Zima hizo kwanza. Afu usiku kabla ya kulala angalia salio la bando, piga skrinshoti, zima data, asubuhi angalia tena. Ikiwa limepungua na data ilikuwa imezimwa, hapo una kesi. Fanya siku saba.

Usifute meseji za kampuni. Kwa maelekezo ya TCRA ya 2021 kampuni inatakiwa ikujulishe bando likifika asilimia 75 na likiisha kabisa, na isiendelee kukula salio la kawaida bila ya ridhaa yako. Kama hukupata meseji hiyo na vocha yako ya elfu mbili imeyeyuka, skrinshoti ya meseji za siku hiyo zote, kuanzia ya kujiunga mpaka ya mwisho, ndo ushahidi.

Apu za kupima spidi tumia kwa uchache, zenyewe zinakula MB nyingi, mtu anapima mara kumi kwa siku afu analalamika bando limekwisha.

Kampuni kwanza, hata kama huwaamini

TCRA watakuuliza kama ulianza na kampuni, kwa hiyo anza nao. Piga 100, eleza, dai namba ya lalamiko na uiandike pamoja na saa uliyopiga. Ukienda dukani kwao peleka barua nakala mbili, moja wapige mhuri urudi nayo. Ukiandika kwenye kurasa zao za mitandao usiweke namba yako ya simu hadharani, matapeli wamekaa palepale wanasubiri, dakika tano tu utafuatwa inbox na mtu mwenye nembo ya kampuni anakwambia "pole ndugu mteja, nitajie namba uliyotumiwa".

Wape muda, tuseme wiki mbili tatu, daftari likiendelea.

Barua ya TCRA

Fupi, ukurasa mmoja. Ya kwetu ilikuwa na uti wa mgongo huu, ichukueni mubadilishe:

"Sisi wakaazi wa shehia ya ……, Wilaya ya ……, tunalalamikia kukatika kwa mtandao wa kampuni ya …… kuanzia takriban saa 12:10 jioni mpaka saa 3 usiku. Tumerekodi siku 14, tarehe …… mpaka ……, na kumbukumbu tumeziambatisha. Tuliwasilisha lalamiko kwa kampuni tarehe ……, namba ya lalamiko ni ……, tatizo lingalipo. Tunaomba Mamlaka ipime ubora wa huduma hapa na kuitaka kampuni irekebishe, na tujibiwe kwa maandishi kupitia ofisi ya sheha."

Hakuna matusi, hakuna "tumechoka". Nakala mpe mbunge na nyengine uipeleke kwa TCRA-CCC, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo limewekwa na sheria hiyohiyo ya TCRA kumsemea mtumiaji. Watu wengi hawalijui hata kama lipo. Na ukiona uamuzi wa TCRA wenyewe haukukutendea haki kuna Baraza la Ushindani la kukatia rufaa, ila hapo tafuta mwanasheria.

Ukipigania bei

Bei ni mchezo mwengine, hauchezwi kijiji kimoja. Ila watu wamewahi kushinda. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza na bei kupaa, nchi nzima ilipiga kelele na serikali ikavisimamisha. Mwaka huohuo tarehe 15 Julai zikaja tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, mtu akituma pesa ya matibabu Wete anakatwa kama kanunua kiwanja. Kelele zikawa kubwa, Septemba zikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata cha juu kikashushwa tena mpaka 4,000.

Lakini mie napenda zaidi mfano usiokuwa na kelele. Zamani kupiga mtandao mwengine ilikuwa gharama mpaka mtu anatembea na laini tatu. Kilichobadilisha ni ile ada kampuni zinazolipana simu ikivuka mtandao, TCRA walipanga ishuke kwa ngazi, shilingi 15.6 kwa dakika mwaka 2018, ikaenda inashuka kila mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Hiyo ilikuja kwa mahesabu. Kwa hiyo ukitaka bei ishuke usiseme tu "bando ghali", onesha. Chukueni kaya kumi, andikeni kwa mwezi mmoja kila kaya imetumia kiasi gani kwenye vocha na imeingiza kiasi gani. Mama wa mwani anayeuza kilo zake na robo ya pesa inarudi kwenye simu, ukiiweka kwenye karatasi hata mbunge mvivu ataisoma.

Na jua kodi iko wapi. Kwenye huduma za mawasiliano kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, mbali na VAT. Hiyo kampuni haiwezi kuishusha hata ikitaka, inashushwa Dodoma kwenye bajeti, na bajeti inasomwa Juni. Maoni yako yakifika Juni yamechelewa, yapeleke Januari Februari.

Taarifa zako

Hapa watu wanadhani hakuna sheria. Ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano inalinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake, ya 18 inakupa uhuru wa kuwasiliana bila ya kuingiliwa, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 faragha imo kwenye ibara ya 15. Afu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyokuwa ya Muungano, kwa hiyo kampuni ya simu imo, lakini faili lako la hospitali ya SMZ ni hadithi nyengine na hapo ndo mwakilishi wako anapopata kazi.

Inakupa nini? Unaweza kuiandikia kampuni uulize mna taarifa gani zangu na mmempa nani, unaweza kutaka zirekebishwe, unaweza kukataa zisitumike kukuletea matangazo, na ukiumia kudai fidia. Wakikaa kimya au wakikuzungusha, unalalamika kwa Tume. Hata kama hujadhurika andika tu hiyo barua ya mwanzo, kampuni ikipata barua mia za namna hiyo kutoka Pemba itajua watu wameamka.

Jambo la kufanya leo hii kabla hujamaliza kusoma: piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Toka usajili wa alama za vidole ulipoanza 2019 kuna mchezo huu wa chini ya mwamvuli, unaweka kidole, kijana anakwambia "haijasoma bi mkubwa, weka tena", unaweka, "tena", unaweka, na weye umesajili laini tatu umeondoka na moja. Hizo mbili ndo zinazowaandikia watu "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukikuta namba usiyoijua nenda duka la kampuni, si kwa wakala wa njiani, waifute, na uombe maandishi. Mama mmoja wa kwetu alikuta laini nne, yeye anatumia kitochi kimoja.

Meseji za kitapeli ukizipata zitume 15040 kabla hujafuta, ni bure na ni dakika moja.

Na apu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zinazokopesha bila ya kibali. Shida yake kubwa si riba peke yake, ukiidanlodi inaomba kusoma majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili inamwandikia mkweo, imamu, na mwalimu wa mtoto kwamba weye mwizi. Kwa hiyo aliyekopa ni mmoja lakini taarifa zilizochukuliwa ni za watu mia tatu ambao hawajakopa kitu. Hili kwa kampeni ni zuri sana, kila ukumbi utakaolisema utakuta mtu limemkuta.

Karatasi ya saini, ifanyeni hivi

Jina, shehia, sahihi. Basi. Hakuna ofisi niliyopeleka karatasi ikanirudisha kwa sababu watu hawakuandika namba za ZanID. Namba za simu za kujibiwa ziwe mbili tu, za walioridhia, na ziwekwe kwenye barua, zisiwe kwenye orodha.

Anayekusanya aseme kabla mtu hajashika kalamu: karatasi inakwenda kwa nani, nakala ziko ngapi, anaziweka nani. Mtu akisema hataki, asante, huendi kumshawishi mara ya pili. Wengine ni waajiriwa, wengine wana sababu zao. Wanawake wasaini wenyewe, tulikuwa na mzee mmoja anasaini kwa niaba ya nyumba nzima pamoja na wakeze wawili, tukamrudisha taratibu. Watoto usiwasainishe.

Usipige picha. Ukitaka kuonesha kazi inakwenda, piga picha ya mezani karatasi zikiwa zimefunikwa, andika "saini 118" yatosha. Nakala inayokwenda ofisini itolewe fotokopi mbele yako na usiiache kwenye mashine ya yule kijana wa stesheneri, wala usimtumie kwa WhatsApp "niprintie", faili linabaki kwenye kompyuta yake miaka.

Grupu nalo. Kwenye grupu la kawaida kila mtu anaona namba ya kila mtu, na linki ikishafowadiwa humjui nani kaingia. Kwa matangazo tumieni chaneli, wafuasi hawaonani namba. Grupu libaki dogo, wa kazi tu, linki izimwe, kuingiza watu iwe kazi ya admini.

Simu za walio mbele

Kwa haraka. WhatsApp weka ile PIN ya hatua mbili, shangazi angekuwa nayo asingechukuliwa. Namba zinazoingia kwa meseji hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akiwa na sauti nzuri vipi. Piga *#21# kuona kama simu zako zinaelekezwa kwengine, ukiona kitu cha ajabu piga ##002# kufuta. Laini iwe na PIN yake. Mkiwa watano, wawili wajue funguo za kila kitu, mmoja akisafiri kazi isisimame.

Maneno na mipaka

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Kwa hiyo "kampuni fulani wanaiba" usiliandike, andika "tarehe fulani salio langu lilikuwa kadhaa, asubuhi likawa kadhaa, data ikiwa imezimwa". La pili ni kali zaidi na halikupeleki popote kubaya. Ukitaka kufungua chaneli ya kurusha habari kama chombo, kanuni za maudhui ya mtandaoni zinataka leseni, uliza kwanza. VPN nayo, zile apu za kuficha unakopitia mtandaoni, TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 kutaka wanaozitumia wazisajili, usifuate tu kijana wa TikTok anavyokwambia danlodi hii.

Na jipangeni kwa siku mtandao haupo. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi WhatsApp na Twitter zilibanwa, Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024 hakuna aliyezima, mikonga ya baharini ilikatika na Afrika Mashariki yote ikatambaa. Kwa hiyo muwe na orodha ya karatasi, nani anampigia nani kwa simu ya kawaida, wapi mnakutana. Mkihisi mambo yamekuwa ya kisheria, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo toka 1992, Unguja na Pemba.

Kueneza

"Haki za kidijitali" ni neno la semina, ukilisema diko la Tumbe wavuvi wanakutazama tu. Sema bando, sema laini yako kasajili nani. Radio jamii ndo mkono mrefu kuliko posti yoyote, Micheweni FM huku, Tumbatu FM kule, ukiomba nafasi ya dakika kumi nenda na yule mama wa laini nne, mie nikizungumza watu wanabadilisha stesheni. Baada ya sala ya Ijumaa muombe imamu dakika mbili, usizidishe. Wanawake wa mwani wafuateni maji yakishatoka na kazi imekwisha, siyo wakati wamo majini.

Sisi barua ilipokelewa, tukasubiri, tukakumbusha mara mbili, ya pili na nakala kwa mbunge. Siku moja alasiri gari ya kampuni ikapita kuelekea mnarani na vijana wawili na betri nyuma. Hakuna aliyetuandikia kutujibu mpaka leo, ila magharibi simu zinaunga. Tunaendelea na daftari, mara moja kwa wiki tu, na sa hivi tunakusanya saini nyengine kuhusu laini za watu wasiozijua.

Karatasi hizo haziko kwangu. Ziko kwa shangazi, ndani ya sanduku lake la khanga, na funguo kaifunga kwenye pindo la leso. Nilipomuomba nizione ili nihesabu tumefika ngapi kanambia nikae pale kizingitini, atahesabu yeye.